Chemba ya biashara na kodi iliyojengwa juu ya msingi wake: kisa cha Pendekezo C, San Francisco, 2018

Katika kijitabu cha wapiga kura cha San Francisco, hoja ya kulipia, ya kuunga mkono au kupinga pendekezo linalopigiwa kura, hugharimu dola 200 za kuanzia na dola 2 kwa kila neno, mwisho maneno 300. Chama kinachotaka kuitumia nafasi yote kinalipa dola 800, na maneno yake yanafika kwa wapiga kura wa mji mzima. Katika siasa za mji ule, hakuna tangazo rahisi kuliko hilo. Kwa hiyo anayetaka kujua wafanyabiashara wamesimama wapi juu ya kodi fulani asianze na hotuba. Afungue kijitabu, aone nani amelipia maneno mangapi, na nani, ambaye kwa kawaida husimama nao, safari hii hayumo.

Tarehe 6 Novemba 2018, suala la nani hayumo ndilo lililoamua mambo. Siku hiyo wakazi wa San Francisco walipigia kura Pendekezo C, kodi mpya kwa kampuni kubwa ambayo fedha zake zilikusudiwa watu wasio na makazi. Chemba ya Biashara ya San Francisco, chama cha wafanyabiashara wa mji kilichoanzishwa 1850, ilisema hapana. Meya London Breed alisema hapana, na hata Seneta wa jimbo Scott Wiener, mtu wa chama cha Demokrati katika mji wa Kidemokrati, alisema hapana. Kura zilipohesabiwa, ndiyo ilipata zaidi kidogo ya asilimia 61.

Wengi hukieleza kisa hiki kama vita vya matajiri na maskini. Sisi tunakisoma kwa njia nyingine. Chemba ilishindwa kwanza kwenye hesabu, kwa sababu fomula ya kodi iliwagawa matajiri wenyewe, na fomula hiyo ilijengwa juu ya mfumo ambao chemba iliupigania miaka sita kabla.

Mfumo wa 2012

Hadi 2012 San Francisco ilitoza biashara kodi ya asilimia 1.5 ya mishahara. Kampuni za teknolojia, zilizokuwa zikiajiri kwa kasi, zililalamika kwamba zinaadhibiwa kwa kuajiri. Baada ya mazungumzo marefu kati ya ofisi ya Meya Ed Lee, chemba na wawekezaji wa teknolojia, likaja Pendekezo E la Novemba 2012: kodi ya mishahara ipunguzwe hatua kwa hatua kuanzia 2014, na mahali pake iingie kodi ya mauzo ghafi, yaani pesa yote iliyoingia kabla ya kutoa gharama. Biashara ziligawanywa katika makundi, kila kundi na viwango vyake. Wenye maduka wapewe kiwango cha chini kwa kuwa faida yao ni nyembamba, benki na mawakili wapewe cha juu. Chemba iliunga mkono, na pendekezo likapita kwa kishindo.

Mfanyabiashara wa Kenya anayelipa kodi ya mauzo ya asilimia 3 ataielewa haraka adha ya mfumo huu: kodi ya mauzo haiulizi kama mwaka ulikuwa wa faida au wa hasara. Lakini hatari tunayoizungumzia hapa ni nyingine. Jiji likishakuwa na jedwali la makundi na viwango, kuongeza safu mpya juu yake ni kazi ya kurasa chache. Hakuna haja ya kubuni fomu mpya, kuunda idara mpya wala kufafanua upya nini maana ya mauzo. Anayetaka kodi mpya anachukua jedwali lililopo, anaweka kizingiti, anaandika viwango vyake pembeni.

Ndivyo Pendekezo C lilivyoandikwa. Kizingiti kilikuwa dola milioni 50 za mauzo yanayohesabiwa ya San Francisco, na kodi ilitozwa kwenye sehemu inayozidi hapo tu. Rejareja na jumla: asilimia 0.175. Habari na programu za kompyuta, viwanda, usafirishaji: 0.5. Fedha, bima na huduma za kitaalamu: 0.6. Kundi la juu kabisa lilifika 0.69. Kampuni kubwa sana ambazo kazi zake mjini ni za utawala hasa zilitozwa kwa njia tofauti: asilimia 1.5 ya mishahara ya mjini.

Tuchukue biashara mbili, kila moja ina mauzo ya dola milioni 80 yanayohesabiwa. Mwenye duka kubwa anatozwa asilimia 0.175 ya milioni 30, yaani dola 52,500. Kampuni ya fedha inatozwa asilimia 0.6 ya milioni 30 hizo hizo: dola 180,000. Biashara ya dola milioni 49 hailipi hata senti. Makadirio ya jiji yalikuwa kwamba kampuni kati ya 300 na 400 zingeguswa, na makusanyo yangekuwa dola milioni 250 hadi 300 kwa mwaka.

Hapo ndipo penye shida ya kwanza ya chemba yoyote ya biashara. Wanachama wake wengi kwa idadi ni wadogo: mikahawa, mafundi, mawakala, maduka ya mtaani. Wanaolipa ada kubwa ni wachache wakubwa. Kodi yenye kizingiti cha milioni 50 inapita juu ya vichwa vya wadogo bila kuwagusa, kisha inawaahidi vijia visivyo na mahema mbele ya milango yao. Hesabu ya mwaka 2017 ilikuwa imeonyesha watu wapatao 7,500 wasio na makazi mjini. Mwenye mkahawa aliyeipinga C aliipinga kwa ajili ya mwenzake mkubwa, wala si kwa mfuko wake.

Nusu ya kura au theluthi mbili

Ili kuelewa kwa nini waandishi wa C walichagua njia ya sahihi za wananchi badala ya kulipitisha pendekezo barazani, lazima turudi kwenye kesi ya bangi.

Katiba ya California, kwa Pendekezo 13 la 1978 na Pendekezo 218 la 1996, inadai theluthi mbili ya kura kwa kodi ya mtaa iliyotengewa matumizi maalumu. Kwa miaka mingi vyama vya wafanyabiashara vililala usingizi mzuri nyuma ya ukuta huo, maana kufikisha asilimia 66.7 ni kazi kubwa hata San Francisco. Kisha Agosti 2017 Mahakama Kuu ya jimbo, iliyo juu ya mahakama zake zote, ikaamua kesi ya mji mdogo wa Upland. Wakereketwa wa maduka ya bangi ya dawa walikuwa wameleta pendekezo la wananchi lenye ada ya dola 75,000 kwa kila duka, na ubishi ulikuwa ni lini lipigiwe kura. Mahakama ikasema kanuni ile ya Katiba kuhusu tarehe ya uchaguzi inaifunga serikali ya mtaa. Haiwafungi wananchi wanaoleta pendekezo lao kwa sahihi.

Hukumu haikugusa theluthi mbili moja kwa moja. Lakini mwanasheria yeyote wa jiji aliyeisoma aliona mlango umeachwa wazi: kama kanuni ya tarehe haiwafungi wananchi, huenda na ile ya theluthi mbili haiwafungi. San Francisco ilikuwa ya kwanza kuujaribu mlango huo kwa nguvu. Juni 2018 kodi juu ya pango la majengo ya biashara, kwa ajili ya malezi ya watoto wadogo, ilipita kwa chini ya asilimia 51, ikatangazwa imeshinda. (Nayo pia iliitwa Pendekezo C, herufi huanza upya kila uchaguzi, na wasomaji wengi wa magazeti ya nje wamezichanganya hizi mbili.)

Kwa hiyo wanaharakati wa Muungano wa Wasio na Makazi walipoanza kukusanya sahihi, lengo lao lilikuwa asilimia 50 na kura moja. Sahihi zilizotakiwa zilikuwa 9,485. Walipeleka karibu mara tatu ya hizo, jambo la busara, kwa sababu sahihi za watu waliohama, wasioandikishwa au waliotia mara mbili hukatwa ofisini.

Chemba iliingia kampeni ikijua kwamba tegemeo lake la zamani, kusubiri pendekezo likwame kwenye 60 na kitu, huenda halipo tena. Hata hivyo iliendesha kampeni ya namna ile ile.

Hoja za hapana

Kwanza, uwezo. Vyama vya wafanyabiashara Marekani husajiliwa chini ya kifungu 501(c)(6) cha sheria ya kodi, na kifungu hicho kinawaruhusu kusimama wazi juu ya mapendekezo ya kura. Kampuni zenyewe nazo, tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1978, zina haki ya kutumia pesa kwenye kampeni za aina hii, na michango kwa kamati za mapendekezo haina kikomo. Kinachohitajika ni kuitangaza. Kwa kawaida hali hiyo huwapendelea wanaopinga kodi.

Hoja zenyewe zilikuwa tatu. Moja, jiji tayari lilikuwa linatumia karibu dola milioni 380 kwa mwaka kwa wasio na makazi, na C ingekaribia kuzidisha mara mbili bila ukaguzi wa zile za kwanza. Mbili, hakuna mpango. Tatu, ajira zingehama.

Hoja ya kwanza ilikuwa na uzito, na ndiyo iliyombeba meya. Ya pili ilikufa mikononi mwa msemaji, kwa sababu mgao ulikuwa umeandikwa ndani ya pendekezo lenyewe: angalau nusu kwa makazi ya kudumu, angalau robo kwa afya ya akili, hadi asilimia 15 kuzuia watu wasifukuzwe nyumbani, hadi asilimia 10 kwa malazi ya muda na usafi. Ungeweza kusema mgao ni mbaya, au kwamba unalifunga jiji mikono hali zikibadilika, na hilo lilikuwa kweli. Lakini kumwambia mpiga kura aliyeshika karatasi yenye mafungu manne ya asilimia yaliyoandikwa kwamba hakuna mpango ni kumfundisha kutokukuamini.

Ya tatu ilikutana na kijitabu. Kabla ya kura, ofisi ya mdhibiti wa hesabu za jiji hutoa tamko la athari za fedha, na mchumi wa jiji hufanya tathmini ya uchumi. Tathmini ya C ilikuta athari ndogo: ajira chini ya elfu moja kwa wastani, pato la mji kupungua kwa takriban asilimia 0.1. Takwimu kama hizo hazitoshi kumtisha mtu. Chama kinachotaka kutumia hoja ya ajira kinapaswa kuipata tathmini hiyo mapema, kuisoma, na kama inakipinga, kubadilisha hoja. Kuendelea kupiga ngoma ya ajira baada ya mchumi wa jiji kutoa tarakimu ndogo ni kumpa mpinzani jibu lenye muhuri wa serikali.

Benioff na Dorsey

Oktoba 2018 Marc Benioff, mkuu wa Salesforce, kampuni ya programu za kompyuta na mwajiri mkubwa kuliko wote wa binafsi mjini, akajitokeza kuunga mkono C. Yeye na kampuni yake walimwaga zaidi ya dola milioni 7. Kwa mara moja nadra, upande wa kutoza kampuni kubwa ukawa na pesa nyingi kuliko upande wa kupinga. Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter na wa Square, kampuni ya malipo kwa kadi, kwa pamoja, akajibu kwamba anamuunga mkono meya. Wakavutana hadharani, Benioff akimuuliza anatoa kiasi gani kwa wasio na makazi.

Magazeti yalishika ugomvi. Kilichokuwa na maana zaidi ni malalamiko ya Dorsey yaliyofuata: kwamba Square, ndogo mara kadhaa kuliko Salesforce, ingelipa kodi kubwa zaidi. Watu walidhani anatafuta kisingizio. Hesabu inamtetea kwa sehemu.

Mteja ananunua kitu cha dola 100 kwa kadi. Mwaka ule Square ilikuwa ikimkata mwenye duka asilimia 2.75, yaani dola 2.75. Sehemu kubwa ya pesa hiyo haikai Square. Inakwenda kwa benki iliyotoa kadi na kwa mtandao wa kadi. Tuseme inabaki dola moja. Kwa kodi ya faida ungetozwa juu ya kile kilichobaki baada ya gharama zote. Kwa kodi ya mauzo ghafi unatozwa juu ya 2.75 nzima. Asilimia 0.6 ya 2.75 ni senti 1.65, na senti 1.65 juu ya dola moja iliyobaki ni asilimia 1.65. Kampuni ya programu, ambayo gharama ya moja kwa moja ya kuuza leseni moja zaidi ni ndogo, haina tatizo hilo; kwake ghafi na halisi vinakaribiana, na kiwango chake ni 0.5. Tofauti kati ya 0.5 na 0.6 ni kelele. Tofauti kubwa imo kwenye nini kinaitwa mauzo.

Hapo ndipo chemba ilipopaswa kusimama. Ingesema: kizingiti sawa, makusudi sawa, lakini rekebisheni msingi kwa kampuni zinazopitisha pesa za watu wengine. Ingekuwa hoja finyu, ya kuchosha, lakini ya kweli, na ingewapa wanachama wa pande zote mahali pa kukutana. Badala yake ikasimama na hapana nzima, huku mwajiri mkubwa kuliko wote akisema ndiyo. Stripe, nayo ya malipo, ilitoa zaidi ya dola 400,000 kupinga. Ukiangalia nani alilia kwa sauti zaidi, utakuta kampuni za malipo kwa kadi ziko mbele. Hilo halikuwa bahati mbaya.

Baada ya kura

Ndiyo ikapata 61, chini ya theluthi mbili. Jiji halikungoja kushtakiwa. Lilifungua lenyewe kesi ya uthibitisho, aina ya shauri ambalo mlalamikiwa ni “watu wote wenye maslahi”: tangazo linachapishwa, anayepinga anajitokeza ndani ya muda uliowekwa, asiyejitokeza amefungwa milele. Kwa kundi la wafanyabiashara hiyo ni tarehe ya kuandika ukutani kwa wino mwekundu. Chama cha walipa kodi cha Howard Jarvis na Meza ya Wafanyabiashara ya California (California Business Roundtable), pamoja na wenye majengo ya biashara, wakajitokeza.

Wakati kesi inaendelea, kodi ilikusanywa lakini haikutumika. Kampuni zililipa, jiji likafungia fedha kwenye akaunti, na mamia ya mamilioni yakalala humo. Huu ndio upande ambao wapingaji wa mahakamani mara nyingi hawauhesabu: kesi haikuzuii kulipa, inazuia tu pesa yako isifanye kazi. Mahema barabarani yakazidi, na lawama ikaelekezwa kwa waliofungua mdomo mahakamani. Jiji likashinda mahakama ya mwanzo Julai 2019, mahakama ya rufaa mwisho wa Juni 2020, na Septemba 2020 Mahakama Kuu ya jimbo ikakataa kuisikiliza rufaa. Mlango wa Upland ukawa barabara.

Je, kampuni zilihama? McKesson, kampuni ya kusambaza dawa, ilitangaza mwisho wa Novemba 2018, wiki chache baada ya kura, kwamba makao makuu yanakwenda Texas. Stripe ilihamia South San Francisco, nje kidogo ya mpaka wa jiji. Kuunganisha kila uhamaji na C ni rahisi kupita kiasi, maana pango, mishahara na baadaye janga la korona vilivuta upande ule ule. Ila anayeichora ramani ya makampuni ya malipo baada ya 2018 hawezi kusema fomula haikuwa na harufu yoyote.

Mwaka ule ule, Seattle, mji wa jimbo la Washington, ilionyesha njia nyingine. Mei 2018 baraza la mji lilipitisha kwa kura 9 kwa 0 kodi ya dola 275 kwa kila mfanyakazi kwa kampuni zenye mauzo ya zaidi ya dola milioni 20. Wafanyabiashara wakaanza kukusanya sahihi za kuipeleka kwa wapiga kura waifute, na ndani ya mwezi mmoja baraza lenyewe likaifuta, 7 kwa 2. Tofauti na San Francisco ni nani aliyeshika sahihi. Lakini Seattle nayo haikuishia hapo: mwaka 2019 Amazon ilimwaga dola milioni 1.5 kwenye uchaguzi wa baraza kupitia mfuko wa kisiasa wa chemba, wapiga kura wakakasirika, na 2020 baraza jipya likapitisha kodi kubwa zaidi ya mishahara. Chemba ya Seattle ikaenda mahakamani, ikashindwa.

2024: kuandika badala ya kupinga

Ngazi ya jimbo, Meza ya Wafanyabiashara ya California ilijaribu kuuziba mlango wa Upland kwa Katiba. Pendekezo lake lilifuzu kwa sahihi kwa ajili ya kura ya Novemba 2024. Tarehe 20 Juni 2024 Mahakama Kuu ya jimbo ililiondoa kwenye karatasi ya kura kabla halijapigiwa, ikisema linabadili msingi wa serikali kiasi kwamba haliwezi kupitia njia ya sahihi.

Mjini, mambo yalikwenda kwa utulivu zaidi. Ofisi za fedha za jiji zilikuwa zimegundua kwamba kampuni tano tu zinalipa karibu robo ya kodi zote za biashara. Tano zikihama, bajeti inayumba. Safari hii wafanyabiashara walikaa mezani tangu rasimu ya kwanza. Pendekezo M la Novemba 2024 lilipunguza makundi ya biashara kutoka 14 hadi 7, likapandisha msamaha wa wadogo kutoka dola milioni 2.25 hadi milioni 5, na likapunguza uzito wa mishahara katika kanuni ya kuamua ni mauzo gani yahesabiwe ya San Francisco. Likapita kwa karibu asilimia 70, na lilikuwa na kipengele cha kuua mpinzani: Pendekezo L, kodi ya teksi za mtandaoni kwa ajili ya mabasi, lilipata wingi wa kura siku hiyo hiyo lakini likafutika kwa sababu M lilipata zaidi.

Hata hivyo M lilikuwa na bei yake, nayo haikuonekana sana katika kampeni. Kizingiti cha kodi ya wasio na makazi kilishushwa kutoka dola milioni 50 hadi milioni 25. Biashara yenye mauzo ya milioni 30 mjini, ambayo 2018 iliambiwa haihusiki kabisa na Pendekezo C, tangu Januari 2025 imo kwenye jedwali.